Chupa Namba 3: Kuzielewa Divai za Bei Nafuu za Kusini mwa Ufaransa

Shangazi yangu alipokuja kututembelea Montpellier kutoka Masasi, nilimpangia mezani chupa sita za divai, kila moja imevishwa soksi ili lebo isionekane. Tulikuwa watu watano. Nilibandika namba juu ya soksi, nikamimina kidogo kidogo, nikaomba kila mtu aseme ni ipi angetamani kuimaliza. Shangazi hana mazoea ya divai zaidi ya ile ya kanisani na glasi moja ya harusini, lakini ulimi anao. Mtu aliyepika maisha yake yote humdanganyi kwa chumvi wala kwa uchachu. Alizionja zote, akarudi kwenye namba 3, akaishika shingo kama anayeogopa itaondolewa.

Nilipovua soksi, namba 3 ilikuwa divai nyekundu ya zabibu aina ya Carignan, imeandikwa IGP Côtes Catalanes, niliyoinunua kwa euro 6. Namba 5, aliyoisukuma mbali, ilikuwa na mchoro wa kasri, nembo ya AOP na bei ya euro 16. Akazitazama zote mbili, kisha akanigeukia: "Mwanangu, sasa hii ya bei ndogo imekosa nini?"

Nilianza kumjibu, nikajikuta nazunguka tu. Jibu linapitia kwenye sheria, kwenye reli, kwa mdudu mdogo kuliko punje ya ulezi, na kwenye uasi wa wakulima wa mwaka 1907. Ni swali zuri, na kila anayesimama mbele ya rafu ya divai akiwa na pesa ya kubana anajiuliza hilohilo. Ngoja nilijibu taratibu.

Kwanza hizo herufi. Divai ya Ufaransa imegawanywa katika makundi matatu. La juu ni AOC (jina la asili linalodhibitiwa), ambalo kwa lugha ya Umoja wa Ulaya huitwa AOP (jina la asili linalolindwa). La kati ni IGP (alama ya kijiografia inayolindwa). La chini ni Vin de France, divai ya Ufaransa tu bila kutaja eneo. Hadi mwaka 2009 kundi la kati liliitwa Vin de Pays, na wazee wa huku bado wanaliita hivyo. Neno hilo pays hutafsiriwa nchi, lakini ni nchi kwa maana ile ya mtu anayesema "nchi ya kwetu" akiwa anazungumzia bonde lao, milima yao na ndugu zake. Vin de Pays ni divai ya huko kwetu. Kwa hiyo ukikuta mtu anaongelea Vin de Pays d'Oc na chupa imeandikwa IGP Pays d'Oc, ni kitu kilekile kilichobadilishwa jina.

Watu wengi huyasoma makundi haya kama madaraja ya utamu: AOP tamu sana, IGP tamu kiasi, ya chini ovyo. Hapo ndipo wanapopotea. Yanayopangwa pale ni madaraja ya masharti. Divai ya AOP imeahidi kufuata desturi ya mahali: aina fulani za zabibu, zikichanganywa kwa namna fulani, kwenye mashamba yaliyochorwa kwenye ramani, bila kuzidisha kiasi fulani cha mavuno kwa hekta. Divai ya IGP imeahidi kidogo zaidi: zabibu zimetoka eneo hili, ni za aina zilizomo kwenye orodha ndefu, mengine mkulima ataamua. Hakuna mahali sheria inaposema ya kwanza itakufurahisha kuliko ya pili.

Chukua hiyo Carignan ya shangazi. Mkulima wa Roussillon, kule karibu na mpaka wa Hispania, ana mizabibu aliyoipanda babu yake. Shina limepindapinda na kunenepa kama kiwiko, na kila mti hutoa vishada vichache tu. Anataka divai ya Carignan pekee, isiyochanganywa na kitu. Kanuni za AOP nyingi za kusini zinamtaka achanganye: aongeze Grenache, au Syrah, au Mourvèdre. Akikataa, hana ruhusa ya kutumia jina hilo. Anaandika IGP. Yeye ameshuka kwenye karatasi, lakini divai haijashuka popote.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Aimé Guibert. Miaka ya 1970 alinunua shamba karibu na mji mdogo wa Aniane, katika mkoa wa Hérault. Mwanajiografia Henri Enjalbert wa Bordeaux alipouchunguza udongo wa pale alimwambia una uwezo wa kutoa divai kubwa. Guibert akapanda Cabernet Sauvignon, zabibu ya Bordeaux ambayo kanuni za eneo lile hazikuitambua, na mavuno ya kwanza ya shamba lake hilo, Mas de Daumas Gassac, ya mwaka 1978, yakasimamiwa kwa ushauri wa Émile Peynaud, mwalimu mkubwa wa divai wa zama zile. Divai hiyo iliuzwa kama divai ya mezani, kisha kama Vin de Pays de l'Hérault, na ikawa inanunuliwa kwa bei ambayo jirani zake wenye majina makubwa waliiota tu. Tangu hapo hakuna mtu wa huku anayeweza kusema kwa dhati kwamba herufi zile zinapima ubora.

Lakini uhuru uleule unamfaa pia mwenye tangi kubwa kama jengo la ghorofa tatu, anayetaka kujaza maboksi ya supamaketi. Hapo ndipo penye tatizo la mnunuzi, kwa sababu nembo ni ileile. Ndani ya IGP kuna divai ya mkaidi mwenye mizabibu ya babu yake, na kuna divai ya kiwandani isiyo na mwenyewe. Zote mbili ni za bei nafuu, ila unafuu wao una asili mbili tofauti, na ukishaujua huo wa kwanza ulitokana na nini, kazi ya kuchagua inakuwa nyepesi.

Mizabibu ya pwani hii ni ya kale kuliko Ufaransa yenyewe. Wagiriki waliileta Marseille karibu miaka 600 kabla ya Kristo, na Warumi walioijenga Narbonne mwaka 118 kabla ya Kristo wakaizungushia mashamba. Kwa karne nyingi mkulima wa kusini alikuwa na ngano kidogo, mizeituni kidogo, kondoo vilimani, na mizabibu kwenye mawe yasiyofaa kwa kingine. Reli ndiyo iliyogeuza kila kitu. Miaka ya 1850 garimoshi likaiunganisha kusini na Paris, na ghafla wafanyakazi wa viwandani na wachimba makaa wa kaskazini, waliokuwa wakinywa divai kama chakula, wakawa wateja. Wakulima wakashuka kutoka milimani, wakapanda tambarare zenye rutuba. Zabibu iliyopendwa ilikuwa Aramon, inayoweza kutoa zaidi ya hektolita 200 za divai kwa hekta moja (hektolita ni lita 100), divai nyepesi na iliyopauka hata ikabidi iongezewe rangi kwa divai nzito kutoka kwingine. Kwa miongo mingi rangi hiyo ilitoka Algeria, hadi nchi ile ilipopata uhuru mwaka 1962.

Katikati ya neema hiyo akaingia mdudu. Filoksera, aliyesafiri na miche kutoka Marekani, alianza kuua mashamba ya mkoa wa Gard miaka ya 1860. Mizabibu ilikauka na hakuna aliyejua sababu, mpaka mwaka 1868 Jules-Émile Planchon, mtaalamu wa mimea wa Montpellier, na wenzake walipochimba mizizi ya miti iliyokuwa bado hai na kuwakuta wadudu wa manjano wamejazana. Dawa iliyopatikana ni kuunganisha: shina la Kifaransa juu ya mzizi wa Kimarekani, ambao mdudu hauwezi. Mpaka leo karibu kila mzabibu unaouona hapa umesimama juu ya mguu wa kigeni.

Waliopanda upya walipanda zaidi ya mwanzo, tena tambarare. Soko likafurika. Na wakati huohuo wafanyabiashara wakawa wanatengeneza "divai" kwa maji, sukari na zabibu kavu. Bei ikaanguka hadi mkulima hakuweza kulipa hata gharama za mavuno. Tarehe 11 Machi 1907 wakulima 87 wa kijiji cha Argeliers, wakiongozwa na Marcelin Albert, mwenye mkahawa na shamba dogo, walikwenda Narbonne kutoa malalamiko yao kwa tume ya bunge. Kila Jumapili iliyofuata umati uliongezeka, na tarehe 9 Juni hapa Montpellier walikusanyika watu waliokadiriwa kuzidi nusu milioni. Wiki ile niliyokuwa na shangazi tulipita uwanja wa Comédie jioni, mahali ambapo leo watoto hukimbiza njiwa, na nikajaribu kuuwazia umejaa wakulima wenye njaa. Serikali ya waziri mkuu Clemenceau ilituma jeshi. Narbonne askari walifyatua risasi, watu wakafa. Kikosi cha 17, ambacho askari wake wengi walikuwa watoto wa wakulima walewale, kikaasi. Tarehe 29 Juni ikapitishwa sheria ya kupambana na divai bandia, ikimtaka kila mkulima atangaze kwa maandishi kiasi alichovuna. Tangazo hilo la mavuno bado hutolewa kila mwaka. Ndugu zetu hawa walidai kwa damu kwamba kilichoandikwa divai kiwe kimetoka kwenye zabibu, na mimi kila ninaposoma lebo nawakumbuka.

Vyama vya ushirika vilizaliwa katika dhiki hiyo. Cha Maraussan, karibu na Béziers, kilianza mwaka 1901, na baadaye karibu kila kijiji kikajenga ghala lake kubwa la pamoja penye mashine za kukamua na matangi ambayo mkulima mmoja asingeweza kununua. Viliwaokoa watu wengi. Vilevile, kwa miongo mingi, mkulima alilipwa kwa uzito na sukari ya zabibu, na hakuna aliyemuuliza ladha. Kisha Wafaransa wenyewe wakaacha kunywa. Miaka ya 1960 walikuwa wakimaliza zaidi ya lita 100 kwa mtu kwa mwaka; leo ni chini ya nusu ya hapo. Divai ya kila siku ikakosa wanywaji, na hasira ikarudi barabarani: tarehe 4 Machi 1976, kule Montredon karibu na Narbonne, mkulima mmoja na ofisa mmoja wa polisi walikufa kwa risasi. Baadaye Ulaya ikalipa watu wang'oe mizabibu.

Vin de Pays ilikuja kama njia ya kutoka humo. Mwaka 1987 likazaliwa jina la Vin de Pays d'Oc, likifunika karibu Languedoc, nchi hii inayoizunguka Montpellier, na Roussillon yote. Waliolisukuma zaidi ni Jacques Gravegeal, mkulima, na Robert Skalli, mfanyabiashara wa Sète, na wazo lao lilikuwa dogo lakini lilitikisa: andika jina la zabibu kwenye lebo. Desturi ya Ufaransa ni kuandika jina la mahali na kumwachia mnywaji ajue mwenyewe pale hupandwa nini. Mtu wa London au Nairobi hajui vijiji vya Hérault, lakini Chardonnay au Merlot amezisikia. Sharti likawa kwamba ukitaja zabibu moja, asilimia 85 angalau ya kilichomo iwe zabibu hiyo, na kabla ya divai kupewa jina hilo inaonjwa. Mizabibu bora ikapandwa pale Aramon ilipong'olewa.

Ndiyo maana nasema unafuu una asili mbili. Wa kwanza ni wa sifa mbaya iliyorithiwa. Ardhi ya Languedoc bado ni rahisi mara nyingi kuliko ya Burgundy kule kaskazini, jua halikosi, na upepo wa Tramontane hukausha majani baada ya mvua hivyo ukungu haupati nafasi na dawa inapungua. Mkulima mzuri hapa anaweza kuuza kwa euro 7 divai ambayo mwenzake wa kaskazini asingeiuza chini ya 15. Pesa uliyookoa ni ya jina, ladha yako imebaki salama. Unafuu wa pili unatokana na wingi: mizabibu imebebeshwa matunda kupita kiasi, maji ya kumwagilia yamezidi, na makosa yanarekebishwa kiwandani. Huo unaulipia kwenye glasi.

Sasa rudi mezani. Namba 1 ilikuwa nyeupe ya Côtes de Gascogne, upande wa magharibi zaidi, nchi ya pombe kali ya zabibu iitwayo Armagnac. Colombard na Ugni Blanc zilikuwa zikipandwa pale kwa ajili ya kukenekwa pombe kali, na soko la Armagnac lilipodorora wakulima wakazigeuza kuwa divai nyeupe changa ya baridi. Ina harufu ya balungi na nyasi iliyokatwa, kilevi kidogo, uchachu wa kusafisha mdomo. Haijifanyi kitu kingine, na kwa euro 5 sijui nyeupe inayoishinda siku ya joto. Namba 2 ilikuwa Picpoul de Pinet, ambayo ni AOP tangu 2013, nimeiweka kuwaonyesha wenzangu kwamba AOP pia inaweza kuwa ya euro 7. Inalimwa ukingoni mwa ziwa la chumvi la Thau, panapofugwa chaza, na ina chumvichumvi fulani mwishoni mwa ulimi. Shangazi alikuwa amekaanga samaki na kumkamulia ndimu. Akanywa, akala, akanyamaza, akaongeza samaki. Sikuhitaji maoni zaidi.

Namba 3 nilimimina nikaiacha glasini dakika kumi. Rangi yake nyekundu iliyokoza, pembeni ina zambarau. Ukiinusa kwanza unakutana na tunda, kitu kati ya matunda yetu ya zambarau na plamu, halafu kinakuja kile ninachokipenda kuliko vyote kusini hapa: harufu ya vichaka vikavu vya vilimani, vyenye zaatari na rozmari za porini, ambavyo watu wa huku huviita garrigue. Kama umewahi kupita njia ya shamba asubuhi, mguu ukagusa kivumbasi, umeshaijua nusu ya harufu hiyo. Mdomoni ina uchachu wa wazi na ukakasi kidogo. "Kama bibo lililoiva vizuri," alisema shangazi. Sijawahi kusikia Mfaransa akiieleza Carignan kwa usahihi namna hiyo. Carignan ikiwa changa na imevunwa vibaya hukaba koo kama bibo bichi, na ndiyo sababu kwa muda mrefu ilidharauliwa. Dawa mojawapo ni kuvitia vishada vizima, bila kuponda, ndani ya tangi lililojaa hewa ya kaboni dayoksaidi. Uchachukaji huanzia ndani ya punje yenyewe, tunda linatoka na ukakasi unabaki nyuma. Lebo ya mgongoni ilisema sehemu ya zabibu ilifanyiwa hivyo.

Namba 4 ndiyo niliyotaka wote waionje kwa makini. Merlot ya Pays d'Oc, euro 3 na senti 50. Ukinusa unasema nzuri: jamu, mtindi wa matunda, rangi nzito. Ukinywa, ni laini mno, ina utamuutamu, kisha inakatika ghafla kama sauti ya redio umeme ukizima. Harufu hiyo ya jamu mara nyingi hutokana na kuzipasha zabibu moto hadi karibu nyuzi 70 kabla ya kuzikamua, ili rangi itoke haraka na juisi ichachushwe bila maganda. Si udanganyifu, ni njia halali, na huokoa zabibu za mwaka wa mvua. Lakini Merlot, Syrah na Grenache zikipita huko hutoka zikifanana kama ndugu waliovalishwa sare. Ukishaikariri harufu hiyo hutaisahau, na utaikuta kwenye divai nyingi za bei ya chini kabisa.

Kuhusu namba 5 nataka kuwa mwadilifu. Ilikuwa Syrah kwa wingi, imekaa kwenye mapipa mapya ya mwaloni, kilevi asilimia 15, changa. Vanila na moshi vilisimama mbele, tunda nyuma kabisa. Baada ya miaka mitano, na nyama ya kondoo mezani, huenda ingezishinda zote. Usiku ule haikuwa tayari, na euro zake 16 kwa sehemu kubwa zilikuwa za pipa. Pipa jipya la mwaloni ni ghali, na mnunuzi ndiye anayelilipia, alipende asilipende.

Namba 6 ilikuwa Marselan. Zabibu hii ilizaliwa huku, mwaka 1961, Paul Truel alipoikutanisha Cabernet Sauvignon na Grenache, ikapewa jina kutokana na mji wa Marseillan. Walitafuta punje kubwa, wakapata ndogo, wakaiweka kando kwa miaka mingi mpaka ilipogundulika kwamba punje ndogo zina rangi na ladha nzuri. Leo inapandwa hata China. Ya kwetu ilikuwa na pilipili manga na tunda jeusi, na ndiyo iliyomalizwa na pilau.

Namna ya kuonja haina uchawi. Mimina theluthi ya glasi. Nusa kabla ya kuitikisa, kisha zungusha na unuse tena. Ukisikia boksi lililolowa au godoro la stoo, kizibo kimeiharibu, irudishe dukani. Kisha nywa kidogo, isambaze mdomoni, na ujiulize vitu vitatu tu: mate yanatoka? Huo ni uchachu, uti wa mgongo wa divai, na kusini penye jua kali ndio unaokosekana haraka. Ufizi umekauka? Huo ni ukakasi wa maganda na mbegu. Kifua kimepata joto? Hicho ni kilevi kilichozidi tunda. Halafu meza au tema, na uhesabu kimoyomoyo. Divai ya euro 6 inayobaki mdomoni kwa sekunde nane au kumi ni divai nzuri. Na nyekundu za huku zitie kwenye friji nusu saa kabla ya kunywa. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa fanya hivyo bila kujadili, maana ikipata nyuzi 28 kilevi ndicho kitakachozungumza peke yake.

Kwenye lebo kuna maneno ya kuamini na mengine ya mapambo. "Mis en bouteille au domaine" maana yake imetiwa chupani palepale iliposindikwa zabibu za shamba hilo. "À la propriété" inaweza kuwa ya ushirika, na hilo si kosa. "Vieilles vignes," mizabibu mizee, halina umri uliowekwa na sheria. "Grand vin" na "Réserve" kwenye IGP ni sauti tu. Kifuniko cha juu kikiwa na stempu ya Marianne, yule mwanamke anayeiwakilisha Ufaransa, tafuta herufi ndogo: R ni mvunaji mwenyewe, N ni mfanyabiashara aliyenunua. Siku hizi stempu hiyo si ya lazima, lakini wengi bado wanaiweka. Jina la eneo dogo, mfano Côtes de Thongue au Côtes Catalanes, mara nyingi huniambia zaidi kuliko Pays d'Oc pekee. Na kuwa macho na zabibu inayopendwa ghafla duniani. Mwaka 2010 mahakama ya Carcassonne iliwatia hatiani wafanyabiashara na wazalishaji wa Languedoc waliouzia Marekani "Pinot Noir" nyingi kuliko ile ambayo eneo zima lilikuwa likivuna. 

Bei nayo ina hesabu yake. Chupa tupu, kizibo, lebo, boksi, lori na faida ya duka hugharimu karibu sawa iwe divai ni ya euro 3 au ya 8, na kodi ya VAT ya asilimia 20 inakata juu ya yote. Ukilipa euro 3, kilichobaki kwa ajili ya zabibu ni senti. Ukipanda hadi 6 au 7, nyongeza hiyo kwa sehemu kubwa inaingia ndani ya chupa. Juu ya 12 unaanza kulipia mapipa, uchache na jina. Hesabu hii ni ya hapa. Chupa hiyohiyo ikifika Dar au Nairobi imepigwa ushuru wa forodha na wa bidhaa, haistahili tena kuitwa nafuu, na kwa pesa hiyo ningetafuta kwanza chupa nzuri ya Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa huku hawaamini nikiwaambia.

Kuna njia nyingine ambayo nilimpeleka shangazi siku mbili baadaye. Kwenye ushirika wa kijiji kimoja cha Hérault, divai changa huuzwa kwa bomba. Ukutani pana bastola za mpira kama za sheli, moja nyekundu, moja nyeupe, moja ya waridi, na mita inayohesabu lita. Watu huja na madumu yao ya lita 5, wanasalimiana, wanajaziwa, wanaondoka. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yetu alituonjesha kutoka kwenye dumu lake kabla hata ya mhudumu kutufikia, akaeleza kwa fahari kwamba humo mna zabibu za shamba lake, ingawa alivyocheka nilijua zimechanganyika na za kijiji kizima. Euro 2 na ushee kwa lita. Divai ya bomba inywe ndani ya siku chache, maana hewa imeshaingia. Ukitaka ikae, chukua ile ya boksi lenye mfuko ndani. Mfuko husinyaa kadiri unavyomimina, hewa haipati njia, na divai inadumu wiki kadhaa.

Shangazi aliitazama bastola ya divai kwa muda mrefu. Akaniuliza kama padri wa parokia yao angeamini. Kisha akakataa boksi, akakataa dumu, akasema begi lake lina nafasi ya chupa mbili na anazijua anazozitaka. Aliondoka na Carignan mbili za namba 3, amezivisha zile soksi zilezile zisipasuke njiani.